Kofia na Viatu

Hodi yangu ya kwanza niliibisha kwa paji la uso.
Nyumba njema si mlango, najua;
paji langu halikujua.
Boriti ya mwaloni, nyeusi kama chungu kilichozoea moto,
inawainamisha watu wa Devon tangu kabla ya reli.
"Karibu," akasema Bi Thirza Endacott,
wala hakuniuliza kama nimeumia.

Nilitumwa na binti yake, aliyeko Bristol,
kupima, kupiga picha, kujaza fomu ya mauzo:
safu ya kushoto vyumba,
ya kulia kasoro.
Nikashusha timazi pembeni mwa sebule.
Kamba ikanyooka, ukuta ukakataa.
Ulitokeza tumbo kama mja mzito wa miezi saba.
Nikaandika: moja.
Nikalaza pimamaji sakafuni,
kiputo kikakimbilia mekoni
kama paka ajuaye palipo na joto.
Mbili.

"Huo ni udongo wa konde lile," akasema,
akilinyooshea mkongojo kupitia kioo,
"mwekundu hivyohivyo, umekandwa kwa majani ya shayiri
na kwato za ng'ombe.
Tabaka moja, wakangoja likauke. Jingine, wakangoja.
Ukuta wa namna hii hauna makuu.
Unataka viatu vizuri na kofia nzuri, basi."

Viatu: msingi wa mawe, kimo cha goti,
unyevu wa ardhi usipande.
Kofia: paa la mabua ya ngano, unene wa mkono wangu mzima,
upindo umeshuka hadi kwenye nyusi za madirisha
ili mvua ikadondoke mbali.
Na mvua ilikuwa inanyesha. Niliiona tu;
futi tatu za udongo hazikuniruhusu kuisikia.
Dirisha lenyewe dogo, lakini kina chake
kimebeba miwani, mtungi wa jemu,
barua mbili ambazo hazijafunguliwa,
na bado pana nafasi ya mtu kukaa.

Ngazi nilidhani ni kabati.
Ukifungua kilango kando ya meko, inapanda
ikijisokota, finyu, kila kidato kimechimbika katikati.
"Wilmot alipougua aliomba kitanda kishushwe.
Alikuwa seremala. Vipimo vya jeneza alivijua,
na vya ngazi hii alivijua."
Sikuandika hilo.
Niliandika: ngazi, nyembamba. Kumi na tisa.

Juu, kwenye mgongo wa paa,
mbweha wa mabua anawinda mawingu,
alama ya mwezekaji, mzee Luscombe;
kunguru wamempora mkia.
Kwangu, kule Exeter, timazi inaafikiana na kila ukuta.
Nimehama mara nne.

Meko ni chumba ndani ya chumba:
watu wawili wanakaa, moto katikati yao,
na ubavuni tanuri la mkate, limepoa miaka mingi.
Nilipoingiza mkono nipime kina chake
vidole vikagusa ngozi.
Kiatu. Cha mtoto, cha kushoto,
ncha imelika kwa kupiga mawe njiani.

"Kirudishe."
"Ni cha nani?"
"Cha waliojenga. Shetani akishuka dohani
aingie humo, ashindwe kurudi kinyumenyume."
"Unaamini?"
"Siamini. Kirudishe, tena kama kilivyokuwa."

Nikakirudisha, ncha ikielekea ukutani.
Masizi yalibaki mkononi mwangu, na baadaye kwenye fomu,
dole gumba zima, katika safu ya kulia.

Simu ikalia. Binti: "Kasoro ngapi?"
Nikahesabu kimoyomoyo. Thelathini na moja.
Nikamwambia nitamtumia kesho.
Nikakunja futi kamba, nikaaga kwa heshima zote,
nikageuka upesi ili niwahi basi.

"Thelathini na mbili," akasema Bi Thirza,
wakati boriti ilikwisha kunipiga.